KUTOONEKANA SI KUTOKUWAPO

Mwananchi ye yote aliyekuwa mtu mzima mjini Arusha katika mwaka wa 2011 hana haja ya kukumbushwa habari za Samunge. Kwa majuma mengi magari ya kila aina, mabasi, malori, teksi na magari ya Serikali, yaliipita Arusha yakielekea Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha yakapinda kaskazini na kuishika njia ya vumbi ya Engaruka na Ziwa Natron hadi Loliondo, wilayani Ngorongoro. Abiria wake walitoka katika mikoa yote ya nchi yetu, na wengine walivuka mipaka kutoka Kenya na nchi nyingine jirani. Huko kijijini mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Mzee Ambilikile Mwasapile, ambaye taifa zima lilimjua kwa jina la Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Iliaminika kwamba kikombe hicho huponya magonjwa sugu, UKIMWI ukiwamo. Mwezi Machi foleni ilikwisha kuwa ya kilomita nyingi, hata ikabidi wagonjwa wapya waombwe kusubiri kwao kwanza. Wapo waliofia njiani kabla ya kukifikia kikombe.

Mzee Mwasapile alifariki dunia mwaka 2021, na makala haya hayakuandikwa ili kumhukumu marehemu. Wala hayakuandikwa ili kuwacheka waliokwenda. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu moja tu: miongoni mwa waliokunywa kikombe kile walikuwamo watu waliokuwa wakitumia dawa za hospitali za kupunguza makali ya UKIMWI, na baadhi yao waliporudi makwao waliziacha. Walikuwa na swali ambalo hawakupata kujibiwa. Waliuliza: ikiwa dawa hii ya hospitali ni dawa kweli, kwa nini nimeze kila siku mpaka kufa? Dawa ya malaria humezwa kwa siku tatu. Dawa ya kifua kikuu humezwa kwa miezi sita. Kwa nini hii haina mwisho?

Hilo ni swali la mtu mwenye akili timamu. Ukipita leo katika mitaa ya Elerai, Sombetini au Ngarenaro utalisikia bado, na safari hii limeongezwa jingine lililo gumu zaidi. Mgonjwa anaambiwa kliniki kwamba virusi katika damu yake havionekani tena. Anarudi nyumbani na furaha. Baada ya siku chache anajiuliza: kama havionekani, nameza dawa ya nini? Swali lisilojibiwa na mwenye ujuzi hujibiwa na asiye nao. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kulijibu hapa, na tunawaandikia hasa watumishi wa umma na walimu, kwa kuwa ninyi ndio mnaoulizwa kwanza, barazani, ofisini na darasani.

Kwanza tupime mahali tulipotoka. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa muda wa miaka ishirini iliyofuata tulizika. Hapakuwa na familia, shule wala idara iliyosalimika. Ilipofika mwaka 2004 ndipo Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali, na tangu mwaka 2016 kila anayegunduliwa kuwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga yake ishuke. Matokeo yake ni dhahiri. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi, 52 tu ndio waliokuwa wamevidhibiti. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba idadi hiyo imefikia 78. Utafiti huo ulikadiria kwamba watu wazima wanaoishi na virusi nchini ni kiasi cha milioni moja na nusu. Hao ni walimu, makarani, madereva, wauguzi, wakulima na askari ambao wako kazini leo, wanalea watoto, wanalipa kodi na wanazeeka. Dawa hizi si mzaha. Asiyekumbuka hali ya wodi zetu kabla ya mwaka 2004 na amwulize muuguzi ye yote wa zamani.

Hata hivyo dawa hizi haziponyi. Sababu yake si udhaifu wa madaktari wala njama ya watengenezaji wa dawa, kama wanavyodai wapiga porojo wa vijiweni. Sababu imo katika tabia ya kirusi chenyewe.

Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kuishi wala kuzaliana peke yake. Hakina budi kuingia ndani ya seli, yaani chembe hai, ya mwili wa binadamu. Seli kinayoipenda zaidi ni ile nyeupe ya damu ijulikanayo kama CD4, ambayo ndiyo amiri wa jeshi la kinga ya mwili. Kikishaingia hufanya jambo ambalo virusi vya mafua au vya surua havifanyi. Hugeuza maandishi yake ya uzazi yafanane na maandishi ya seli ile, kisha huyapachika katikati ya vinasaba vya seli yenyewe. Tangu saa hiyo maandishi ya kirusi huwa sehemu ya seli. Hayawezi kutenganishwa nayo kwa dawa yo yote tuliyo nayo hospitalini leo.

Watumishi wa umma watalielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, maana wanakumbuka uhakiki wa watumishi hewa wa mwaka 2016. Mtumishi hewa haingii ofisini. Hana kiti, hana meza, hakuna anayemjua kwa sura. Ukisimama mlangoni asubuhi kuhesabu wanaoingia kazini, hutamwona kamwe, nawe utaandika taarifa kwamba ofisi ni safi. Lakini jina lake limo katika daftari la mishahara, limeandikwa kwa wino ule ule na mwandiko ule ule wa majina halali. Daftari likinakiliwa kwa ajili ya ofisi mpya ya tawi, jina lake nalo hunakiliwa. Kirusi cha UKIMWI kimefanya hivyo hivyo ndani ya mwili. Kimejiandikisha katika daftari.

Sasa tutazame kazi ya dawa. Vidonge anavyomeza mgonjwa, ambavyo siku hizi kwa kawaida ni dawa tatu zilizounganishwa katika kidonge kimoja cha kila siku, huzuia hatua za safari ya kirusi. Baadhi huzuia maandishi yake yasigeuzwe. Nyingine huzuia yasipachikwe katika vinasaba. Kwa hiyo kila kirusi kipya kinachojaribu kuingia seli mpya hukuta mlango umefungwa, nacho hufa. Seli nyingi zilizokwisha kuambukizwa nazo hufa baada ya siku chache, ama kwa kuchoshwa na kazi ya kuzalisha virusi, ama kwa kuuawa na askari wa kinga. Ndiyo maana baada ya miezi michache ya kumeza dawa kwa uaminifu, wingi wa virusi katika damu hushuka kutoka maelfu, na pengine malaki, katika kila mililita, mpaka chini ya 50, ambapo mashine haiwezi tena kuvihesabu.

Lakini si seli zote hufa. Mwili wetu una seli za kumbukumbu, ambazo kazi yake ni kulala kwa miaka mingi zikisubiri adui wa zamani arudi. Hizo ndizo zinazomfanya mtu aliyechanjwa utotoni abaki na kinga mpaka uzeeni. Kirusi kilichojipachika katika seli kama hiyo, kisha seli ile ikaenda kulala, nacho hulala pamoja nayo. Seli iliyolala haizalishi virusi. Na kwa kuwa haizalishi, haionyeshi alama yo yote usoni pake. Askari wa kinga huipita kama waipitavyo seli nzima. Dawa nazo hazina la kuifanyia, kwa maana dawa huzuia safari, na huyu hasafiri. Seli hizo ni chache mno: kwa wastani ni kama moja katika kila seli milioni moja zilizolala za aina hiyo. Hata hivyo uchache wake ndio ugumu wake, kwa kuwa hakuna mashine iwezayo kumtafuta mmoja katika milioni katika kila pembe ya mwili na kumtoa.

Ukweli huu ulithibitishwa mwaka 1997, pale makundi matatu ya wataalamu nchini Marekani yalipoonyesha kwamba watu waliokuwa wakitumia dawa vizuri, ambao virusi havikuonekana katika damu yao, bado walikuwa na seli zilizolala zenye virusi vizima vinavyoweza kuamka. Kabla ya hapo palikuwa na matumaini kwamba dawa zikitumiwa kwa miaka michache virusi vingekwisha. Mwaka 2003 ilichapishwa hesabu ya kasi ya kupungua kwa seli hizo: nusu yake hupotea katika muda wa miezi 44. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake kazi hii. Ikiwa mtu ana seli 1,000,000 za namna hiyo, na kila baada ya miezi 44 zinabaki nusu, atahitaji kugawa kwa mbili mara 20 hivi ili ibaki seli moja. Mara 20 kwa miezi 44 ni miezi 880, yaani miaka 73. Hilo ndilo jibu la kwa nini dawa ni ya maisha: muda unaohitajika kuzisubiri seli hizo zife zenyewe unakaribia umri wa binadamu.

Yapo mambo mengine mawili yanayoifanya hesabu hiyo kuwa ngumu zaidi. La kwanza ni kwamba seli za kumbukumbu hazikai tu zikingoja kufa. Huamka, hugawanyika, na kila binti wa seli hurithi daftari zima, jina hewa likiwamo. Wataalamu waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2014 walikuta kwa watu wanaotumia dawa koo nzima za seli zilizotokana na mama mmoja, zote zikiwa na maandishi ya kirusi mahali pale pale. Dawa haiwezi kuzuia jambo hilo, maana hapo kirusi hakiingii seli mpya, kinarithiwa. La pili ni kwamba mafichoni si damuni tu. Tezi, utumbo, ubongo na korodani vyote vimekutwa vikiwa na seli za aina hiyo, ilhali kipimo cha kliniki huchukuliwa mkononi.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo ya kirusi yana kasoro na hayawezi kuzaa kirusi kizima, kama vile jina hewa lililokosewa herufi lisivyoweza kuchukua mshahara benki. Lakini moja lililo sahihi latosha. Mgonjwa akiacha dawa, milango iliyokuwa imefungwa hufunguka. Seli moja iliyolala huamka, kama ziamkavyo seli za namna hiyo kila siku, na kwa wengi virusi huonekana tena damuni baada ya majuma mawili mpaka manne. Mwaka 2006 utafiti mkubwa uliohusisha zaidi ya watu 5,000 katika nchi 33 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliokuwa wakitumia dawa kwa vipindi, wakiziacha kila kinga ilipopanda, waliugua na kufa kuliko wale waliozitumia mfululizo.

Hapa ndipo tunapolipata jibu la shuhuda za mwaka 2011. Wengi walisema hadharani kwamba wamekunywa, wameacha vidonge, na wako salama. Hawakuwa waongo. Mtu aliyemeza dawa za hospitali kwa miaka mitatu ana kinga iliyokwisha kujengwa upya. Akiacha leo, virusi vitarudi damuni mwezi huu au ujao, lakini kinga itachukua miezi mingi, na kwa wengine miaka, kuporomoka mpaka mwenyewe ajisikie mgonjwa. Katika muda huo wote atatembea, atalima na kutoa ushuhuda. Na akipima wingi wa virusi siku chache baada ya kunywa kikombe, cheti chake kitasoma kwamba havionekani, kwa nguvu ya vidonge alivyovimeza juma lililopita. Sifa ya kidonge hupewa kikombe. Maradhi yanaporudi, ushuhuda umekwisha kusambaa, na mshuhudiaji hana nguvu za kwenda kuufuta.

Wenyeji wa Elerai wana mfano wa kosa la namna hii katika jina lenyewe la mahali pao. Latokana na mti ambao Wamaasai huuita olerai, mgunga wenye gome la rangi ya manjano uotao penye maji. Wazungu wa zamani waliuita mti wa homa, kwa kuwa waliopiga hema chini yake waliugua. Walioona mti na homa pamoja waliulaumu mti. Ilichukua muda mrefu kujulikana kwamba mwenye kosa alikuwa mbu azaliwaye katika maji yale. Vitu viwili kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimemzaa mwenzake, na mwalimu atakayewafundisha vijana kanuni hiyo moja atakuwa ameokoa maisha.

Je, hakuna hata mtu mmoja aliyepona? Wapo, nao ni wachache mno duniani kote. Wa kwanza alikuwa Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu mjini Berlin. Mwaka 2007, na tena mwaka 2008, alipandikizwa uboho wa mtu aliyezaliwa na hitilafu adimu inayoufanya mlango wa seli ukikatae kirusi. Hakurudia dawa za UKIMWI tena, na alipofariki mwaka 2020 kilichomwua ni saratani yake iliyorudi. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mwingine wa namna hiyo mjini London, Adam Castillejo. Lakini tusidanganyane. Upandikizaji wa uboho huanza kwa kuiteketeza damu ya mgonjwa, na wengine hufa kwa tiba yenyewe. Hufanywa kwa mtu ambaye saratani ingemwua kwa vyo vyote. Na ile hitilafu ya kuzaliwa hupatikana kwa watu wachache wa asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwetu Afrika ni nadra mno. Katika jimbo la Mississippi, Marekani, mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 alianzishiwa dawa saa 30 tu baada ya kuzaliwa, kisha akaachishwa akiwa na umri wa miezi 18. Alikaa miezi 27 bila dawa na bila virusi kuonekana, dunia ikashangilia. Mwaka 2014 virusi vilirudi. Miezi 27 vilikuwa vimelala.

Uchunguzi haujasimama. Wapo wanaojaribu kuziamsha seli zilizolala ili kinga izione na kuziua. Wapo wanaojaribu kinyume chake, kuzifungia usingizini zisiamke kamwe. Wapo wanaojaribu kukata maandishi ya kirusi kutoka katika vinasaba. Afrika ya Mashariki ina nafasi yake katika kazi hiyo. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa iliyolinganisha watu wa Rakai, Uganda, na watu wa Baltimore, Marekani, wote wakiwa wanatumia dawa, na ikaonekana kwamba akiba ya virusi vilivyolala kwa Waganda ilikuwa ndogo zaidi. Aina za virusi zilizoenea kwetu si zile zilizoenea Marekani na Ulaya. Hatuwezi basi kukaa tukingoja majibu yaliyopatikana katika damu ya watu wengine. Vyuo vyetu na maabara zetu hazina budi kuwa na sauti katika kulitafuta jibu hili.

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunaona kuwa yako mambo manne yanayotupasa.

La kwanza ni la lugha. Kutoonekana si kutokuwapo, na kila mhudumu wa kliniki, kila mwalimu na kila kiongozi wa mtaa anapaswa kulisema hilo kwa maneno hayo hayo. Lakini lazima aliseme pamoja na ukweli wa pili, usije ukapotea: mtu ambaye virusi vyake vimeshuka mpaka havionekani, naye anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hilo limethibitishwa kwa uchunguzi wa maelfu ya wanandoa na wapenzi. Aonywe asiache dawa, na wakati huo huo aheshimiwe kama mtu asiye hatari kwa ye yote. Ukweli mmoja bila mwenzake huzaa ama uzembe ama unyanyapaa.

La pili ni la mahali pa kazi na shule. Dawa inayotakiwa kumezwa kila siku kwa miaka 40 haiwezi kumezwa kwa kujificha kwa miaka 40. Mkuu wa idara anayemnyima mtumishi ruhusa ya siku moja ya kliniki, au anayemlazimisha kutaja ugonjwa wake mbele ya makarani ndipo apewe ruhusa, anafungua mlango ambao dawa ilikuwa imeufunga. Mlezi wa bweni anayekagua masanduku ya wanafunzi na kutangaza alichokikuta anafanya hivyo hivyo. Wapo katika shule zetu vijana waliozaliwa na virusi, ambao wamemeza dawa tangu hawajajua kusoma. Wakiingia bweni wanatafuta mahali pa kumezea pasipo macho, wasipopapata huacha. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inalinda siri ya mgonjwa. Sheria haina haja ya kuandikwa upya. Ina haja ya kusomwa na wale waliopewa madaraka. Mwalimu mkuu aweza kuanza kesho, bila kungoja waraka, kwa kumteua mwalimu mmoja mwaminifu na kutenga chumba kimoja chenye mlango.

La tatu ni la fedha, nalo ni zito. Ikiwa dawa ni ya maisha, basi wajibu wa kuinunua nao ni wa maisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini sehemu kubwa ya gharama hiyo imebebwa na wahisani. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, huduma zilitikisika na wahudumu wa kliniki wakasimamishwa kazi. Kirusi kilicholala hakisomi matangazo ya serikali yo yote. Huhitaji majuma mawili mpaka manne tu. Ni mjini hapa Arusha, mwezi Januari 1967, lilikopitishwa Azimio lililotuonya kwamba taifa linalotegemea fedha za wengine kwa maendeleo yake linauweka rehani uhuru wake. Hapa rehani si uhuru peke yake, ni uhai wa watu milioni moja na nusu. Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI ulianzishwa na sisi wenyewe kwa ajili ya siku kama hizo. Wabunge na madiwani wa Chama wanaoomba kura zetu hawana budi kuulizwa ni kiasi gani kimetengwa katika mfuko huo, na ni kiasi gani kimefika.

La nne ni la kujikosoa. Mwaka 2011 hawakwenda Samunge wanyonge peke yao. Walikwenda viongozi wa siasa na wa Serikali, wakapigwa picha wakiwa na kikombe mkononi. Sisi wa magazeti tulizichapa picha hizo, na magazeti yaliuzika. Tahadhari ya wataalamu kwamba wagonjwa wasiache dawa za hospitali ilitolewa, lakini ilipata nafasi ndogo kuliko picha. Mgonjwa wa kijijini aliyemwona kiongozi wake akinywa hakuhitaji maelezo mengine. Hatusemi kwamba mitishamba yetu haina thamani. Iko inayochunguzwa na taasisi zetu, na ni haki ichunguzwe. Tunasema kwamba kiongozi na mwandishi wana dhamana juu ya yale wanayoonekana kuyaamini. Kikombe kingine kitakuja, kwa jina jingine na katika mkoa mwingine, pengine kwa njia ya simu. Kitakapokuja, swali la kumwuliza mwenye nacho liwe moja: dawa yako inaifikiaje seli iliyolala? Asiyeweza kulijibu hana tiba.

Lugha yetu ilizipa dawa hizi jina la dawa za kupunguza makali, na jina hilo lilisema kweli tangu mwanzo. Halikuahidi kung'oa. Adui amepokonywa silaha, amefungiwa ndani, lakini yu hai na hajasahau njia. Mlinzi wa mlango huo ni kidonge kimoja cha kila siku, na nyuma ya kidonge hicho yuko mhudumu wa kliniki aliyelipwa mshahara wake, mkuu wa kazi aliyetoa ruhusa bila maswali, mwalimu aliyeeleza bila kutisha, na jirani aliyenyamaza alipotakiwa kunyamaza. Waalimu wetu na watumishi wa umma wanaweza kuitimiza sehemu yao ya ulinzi huo kuanzia leo.